Pamba yetu, nguo za wenzetu

Pale sokoni Makoroboi, mteja akitilia shaka kitenge, muuzaji huchomoa uzi pembeni na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukabaki majivu. Wa poliesta huyeyuka ukaganda kama shanga. Mwanza, jiji lililokuzwa na pamba, mnunuzi inabidi achome uzi ndipo aamini.

Haikuwa hivi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa shirikisho la VFCU, chini ya Paul Bomani, na wakulima wakaanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Ikabaki kusokota na kufuma hapahapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha Mwatex kikaanza kazi Mwanza, huku Wachina wakisaidia kujenga kingine, Urafiki, Dar es Salaam. Nguo ya Mwatex ikichuja, mnunuzi hakukosa wa kumlalamikia: kiwandani mle alikuwa na shemeji au jirani.

Wapo wanaosema viwanda vilikufa kwa uvivu wetu. Uongozi mbovu ulikuwepo, lakini si kisa chote. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikakomba fedha za kigeni. Mashine zilitoka ng'ambo, na vipuri na rangi vilevile. Pasipo dola, hata fundi hodari hukaa akiitazama mashine. Mashine iliyochakaa hutoa nguo nyepesi, na rangi ya kuungaunga huchuja. Ubora ulitangulia kufa, kiwanda kikafuata.

Mwaka 1984 serikali ililegeza uagizaji wa bidhaa. Mitumba ikajaa, na leo soko la Mlango Mmoja ndilo kabati la mji. Mitumba iliwasitiri watu waliochoka kuvaa viraka, hilo tusilibeze. Ila viwanda vilivyokuwa vikihema havikupata nafasi ya kupona; miaka ya 1990 ikawa ya ubinafsishaji. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba polepole. Marekani ilipotishia kufunga mlango wa AGOA, mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, Tanzania ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake.

Leo sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka ikiwa marobota. Kila kampeni tunaahidiwa kufufuliwa viwanda. Anayeahidi tumwulize jambo moja: vipuri vitatengenezwa wapi, na fundi yupi wa hapa Mwanza anafundishwa kuvitengeneza?