Kivisho: Moduli za Perl Zinazobeba Sauti ya C

Kati ya istilahi za waandishi wa programu, "wrapper" ni mojawapo ya zile zinazotumiwa sana bila kuelezwa. Husemwa kwamba XML::LibXML ni "wrapper" ya libxml2, au kwamba Net::SSLeay ni "wrapper" ya OpenSSL, na anayeanza kujifunza Perl hubaki akijiuliza ni kipi hasa alichokisakinisha. Napendekeza tuliite kwa Kiswahili kivisho, kutokana na kitenzi visha. Maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C huvishwa Perl: ndani inabaki ileile, nje inapata umbo ambalo mwandishi wa Perl anaweza kulishika. Nguo hushonwa kwa kipimo cha mvaaji, na ndivyo kivisho kinavyoandikwa kwa kufuata maktaba moja mahususi.

Nimeyapima maneno mengine yaliyo karibu. Kifungashio kinachanganya, kwa sababu katika Perl ufungashaji ni hatua nyingine kabisa, ile ya kuandaa kifurushi cha kupeleka CPAN, hazina ya moduli za Perl iliyopo tangu 1995. Kiungo kimeshachukuliwa na viungo vya intaneti. Mkalimani lilinivutia zaidi, maana ukalimani ndio sehemu kubwa ya kazi yenyewe, lakini programu za Perl tayari huendeshwa na mkalimani wake, perl, na wakalimani wawili katika sentensi moja watampoteza msomaji.

Ukalimani huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Kigezo cha Perl kinaweza kuwa namba sasa hivi na baadaye kidogo kikawa mfuatano wa herufi. Fanksheni ya C haikubali hali hiyo: inataka, kwa mfano, namba kamili au kielekezi cha mahali fulani kwenye kumbukumbu, na aina yake ijulikane kabla. Ndiyo maana Perl 5, iliyotoka 1994, ina lugha ndogo iitwayo XS. Mwandishi wa kivisho huorodhesha fanksheni za maktaba ndani ya faili la .xs, na faili jingine liitwalo typemap hueleza kila aina ya C inavyogeuzwa kuwa thamani ya Perl na kurudishwa. Programu ya xsubpp hugeuza maelezo hayo kuwa msimbo wa C, kompaila huukamilisha, kisha perl huupakia wakati moduli inapoitwa.

Ugumu mkubwa uko kwenye kumbukumbu. Katika C, aliyeomba nafasi ndiye anayewajibika kuiachia. Perl huhesabu marejeo: kitu kikikosa anayekirejelea, nafasi yake huachiwa bila mtu kuamuru. Kivisho kinasimama kati ya sheria hizi mbili. Chukua hati ya XML iliyosomwa kwa libxml2. Ni mti mmoja wenye vifundo vingi, na mwandishi wa Perl anaweza kushika kifundo kimoja tu huku kigezo cha hati nzima kikifikia mwisho wake. Kama mti ungefutwa hapo hapo, kifundo kile kingeelekeza mahali pasipo na kitu, na programu ingeanguka. XML::LibXML inaweka wakala kati ya Perl na kila kifundo kilichoshikwa, na kuhesabu wanaokitumia, ili mti usifutwe mapema. Anayedhani kivisho ni ganda jembamba asome sehemu hiyo ya msimbo wake.

Sasa jina. Mwenye kupakia CPAN jina ambalo halijachukuliwa ndiye anayepewa haki nalo, kwa hiyo uamuzi wa siku moja hudumu miaka mingi. Swali ni kama kivisho kiitwe kwa kazi yake au kwa maktaba yake. Net::SSLeay iliitwa kwa maktaba ya SSLeay, ambayo herufi zake za mwisho ni za Eric A. Young aliyeiandika. Mwaka 1998 msimbo huo ukawa msingi wa mradi wa OpenSSL, na jina la zamani likaachwa kutumika. Moduli haikubadilika jina. Mpaka leo inaivisha OpenSSL, na hata LibreSSL iliyotokana nayo, kwa jina ambalo mwanafunzi wa leo hulikuta kwa nadra mahali pengine. Familia ya DBD ilipata utaratibu bora zaidi: DBD::Pg, DBD::mysql na DBD::SQLite zote ni madereva wa hifadhidata chini ya kiolesura kimoja cha DBI, na jina humwambia mtumiaji anazungumza na hifadhidata ipi. DBD::Pg inavisha maktaba ya libpq, lakini mtumiaji halazimiki kulijua jina hilo. Kwa maoni yangu jina la maktaba linafaa pale tu ambapo kivisho kinafuata fanksheni zake moja kwa moja. Moduli iliyojitungia kiolesura chake yenyewe ijiite kwa kazi.

Mambo huongezeka jina linapohamia kwenye mfumo endeshi. Debian huita moduli za Perl kwa kuanza na lib na kumaliza na perl, hivyo XML::LibXML inakuwa libxml-libxml-perl. Maktaba yenyewe ni kifurushi tofauti, na faili za vichwa zinazohitajika wakati wa kukusanya msimbo zimo katika cha tatu, libxml2-dev. Wengi wanaokwama kusakinisha kivisho wana maktaba tayari. Walichokosa ni hicho cha tatu.

DBD::SQLite imeliepuka tatizo hilo kwa kubeba msimbo chanzo wote wa SQLite ndani ya kifurushi chake. Mwenye kompaila hahitaji kuisakinisha SQLite kando. Gharama yake ni kwamba dosari ya usalama ikirekebishwa katika SQLite, marekebisho ya mfumo endeshi hayaifikii nakala hii, na lazima moduli itolewe upya. Kwa maktaba ya usimbaji fiche, kama OpenSSL, nisingeikubali njia hiyo.

Kuna njia ya kati, moduli zenye jina linaloanza na Alien, yaani zinazoshughulikia vitu vigeni kwa Perl. Alien::Libxml2 haivishi chochote. Kwanza inatafuta libxml2 kwenye mfumo. Ikiikosa inaipakua, inaijenga na kuiweka mahali ambapo XML::LibXML itaikuta. Moduli kama hizi si vivisho, na hapo ndipo naona istilahi yetu inasaidia: kuna maktaba, kuna kivisho, kuna mletaji, na kila kimoja kina matoleo yake. Anayeripoti hitilafu aandike matoleo ya vyote vitatu.

Mwishowe, si kila kivisho hupitia XS. Moduli ya FFI::Platypus hukiacha kivisho kiandikwe kwa Perl tupu, bila XS wala kompaila ya kukikusanya, kwa kutaja tu fanksheni za maktaba na aina zake. Nacho ni kivisho kamili, na kanuni zilezile za kumbukumbu zinakihusu.