Bale ya Krismasi na Ngoma ya Beni

Wako watu wasikitikao kila wasikiapo kwamba bale ya Tchaikovsky iitwayo The Nutcracker, ambayo katika nchi nyingi huchezwa wakati wa Krismasi, imechezwa kwa miondoko ya vijana wa mitaani. Husema kitu cha kale kimenajisiwa. Neno hilo lastahili kupimwa kwa historia, na sisi tufundishao hapa Chimwaga, katika nchi ya Wagogo, tuna sababu yetu ya kulipima, kama nitakavyoonyesha.

Kwanza bale yenyewe. Hadithi yake ilitungwa na Mjerumani E.T.A. Hoffmann mwaka 1816. Mfaransa Alexandre Dumas akaisimulia upya kwa upole zaidi. Kisha Marius Petipa na Lev Ivanov wakaitia hatua za ngoma, ikachezwa mara ya kwanza St Petersburg, Urusi, mwezi wa Desemba 1892. Wahakiki wa siku zile hawakuipenda sana. Kuwa kwake ada kubwa ya Krismasi ni kazi ya Wamarekani, iliyoanzia San Francisco mwaka 1944 na kukazwa na George Balanchine mjini New York mwaka 1954. Basi hicho kiitwacho cha kale kilikuwa kimekwisha pita mikono mingi. Hata muziki wake Duke Ellington na Billy Strayhorn waliugeuza kuwa jazi mwaka 1960, na mbingu hazikuanguka.

Katika mchezo uitwao The Hip Hop Nutcracker, uliopangwa hatua zake na Jennifer Weber, muziki wa Tchaikovsky umeachwa, ila sasa dijei na mpiga fidla wanaupokea. Nyumba ya kitajiri ya Kijerumani imeondolewa, na mahali pake pamewekwa mitaa ya New York katika mkesha wa Mwaka Mpya. Msichana hapelekwi tena katika nchi ya peremende, bali hurudishwa nyuma hadi miaka ya 1980, katika klabu ya dansi walimokutana wazazi wake. Tazama basi kilichosalia: usiku wa sikukuu, mtoto, na ajabu. Miguu ndiyo iliyobadilika.

Nairobi wamefanya kinyume chake. Shule ya Dance Centre Kenya huicheza bale hii mwezi wa Desemba, na miongoni mwa wachezaji wamo vijana wa Kibera. Hapo wachezaji ni wapya, hatua ni za Kizungu. Ni kazi ya kusifiwa, lakini siyo niitafutayo.

Niitafutayo ilitokea katika pwani yetu, miaka ile ile ya 1890. Watu wa Lamu na Mombasa waliziona bendi za Wazungu, za askari na za manowari, zikipita kwa tarumbeta na mwendo wa gwaride. Hawakuziiga tu. Walizitia ndani ya desturi yao ya zamani, ambayo mtaa hushindana na mtaa siku za sikukuu na arusi kwa karamu, mavazi na nyimbo za mafumbo. Hiyo ndiyo beni. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na Kingi na Jenerali wao, na baada ya Vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi wakaieneza mbali barani. Maofisa wa kikoloni walidhani ni jeshi la siri. Wengine wakaicheka kama mwigo wa nyani. Terence Ranger, katika utafiti alioutoa mwaka 1975, alionyesha kwamba pande zote mbili zilikosa. Tarumbeta ilikuwa ya mgeni, lakini siku ilikuwa ya mtaa, na ushindi au aibu ilikuwa ya mtaa.

Sasa Ugogo. Muheme ni ngoma ya wanawake, wanaoishika kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, nayo ina siku zake za jando na unyago. (Kuwakeketa wasichana sheria imekukataza tangu 1998, nami siombolezi hilo, ngoma ni jambo jingine.) Mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitika hadharani kwamba tulijua dansi za Ulaya kuliko ngoma zetu, na muda si muda ngoma zikapandishwa jukwaani. Hukwe Zawose, Mgogo mwenye zeze na ilimba, alitokea katika nafasi hiyo, akaongeza vibao vya ilimba na kusikiwa duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Lakini Zawose alikuwa mbunifu. Wengi waliomfuata walizilinda hatua na kuikata siku. Leo muheme hupigwa kumpokea kiongozi: dakika chache, makofi, kisha akina mama wanaombwa kusogea kando ili gari lipite. Hakuna hatua hata moja iliyokosewa.

Hivyo binti wa Dodoma, ambayo tangu 2018 ni jiji, akitaka kuipiga muheme kwa mdundo wa singeli usiku wa kumtoa mdogo wake jandoni, mimi sitamzuia. Akitaka kuipiga dakika 5 za mapokezi, kwa vazi la bibi yake na hatua za bibi yake, nitamwuliza ni jando la nani.