Wageni wa Kilwa Kisiwani

Mashua ikiacha Kilwa Masoko, jengo linalokupokea ng'ambo ni Gereza. Limekaa ukingoni kabisa mwa maji, kuta zake za matumbawe na chokaa zimegeuka rangi ya majivu, na upande mmoja bahari imeshaumega. Kivuko ni kilomita mbili hivi. Watalii wengi huvuka asubuhi, wakazunguka magofu kwa saa tatu, kisha wakarudi kula chakula cha mchana Masoko. Mara ya kwanza nami nilifanya vivyo hivyo, na nilirudi sijaelewa nilichokiona. Mawe ya Kilwa hayajielezi. Niliporudi mara ya pili nilikaa siku mbili, nikajaribu njia nyingine: kuwafuata wageni waliokuja hapa kabla yangu, mmoja mmoja, na kuuliza kila mmoja alifuata nini.

Kaskazi ndiyo iliyowaleta wa mwanzo. Jahazi kutoka Arabuni au Gujarat liliweza kuteremka na kaskazi hadi Kilwa, likauza na kununua, kisha likarudi na kusi katika msimu uleule. Likijaribu kushuka zaidi, hadi Sofala, lilihatarisha kukwama mwaka mzima. Basi tajiri wa ng'ambo aliishia Kilwa, na Wakilwa ndio waliokwenda Sofala kuchukua dhahabu iliyotoka bara, nchi ya Zimbabwe ya leo. Kisiwa kisichokuwa na hata chembe ya dhahabu kikatajirika kwa sababu kilikaa pale pepo zinapoishia. Nguo, shanga na vyombo vya Uchina vilishuka hapa, pembe na dhahabu zikapanda, na sultani akatoza ushuru. Alipiga hata sarafu zake za shaba. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa hiki kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Watafiti waliochimba hapa walikuta watu walikwishakaa kisiwani karne kadhaa kabla ya masultani. Hata hivyo naipenda hadithi hiyo, maana inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na wenyewe, na kwamba mgeni alipaswa kutoa kitu kwanza.

Mwaka 1331 akafika msafiri Ibn Battuta, akitokea Mombasa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote, ingawa anasema nyumba zake zilikuwa za mbao, jambo linalomshangaza yeyote anayesimama leo mbele ya kuta hizi za mawe. Sultani aliyemkuta ni huyohuyo al-Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Baadaye akamwongezea watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hadithi hii husimuliwa kwa watalii kama sifa ya ukarimu, nami naiona hivyo kwa nusu. Nusu ya pili ni wale watu waliotolewa pamoja na pembe. Ibn Battuta hakutaja jina la hata mmoja wao. Nilisimama muda mrefu ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba zilizosalia, nikiwafikiria wao kuliko sultani.

Kutoka hapo ukielekea mashariki unafika Husuni Kubwa, na huko usiende kwa haraka. Al-Hasan aliijenga juu ya genge linalotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, nyua, maghala ya bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Kasri hilo halikukamilika, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Lakini kaa ukingoni mwa birika, utazame bahari ilivyo wazi mbele yako. Mtu aliyejenga hapa alitaka kila nahodha anayekaribia alione jumba kabla hajaliona jambo lingine lolote.

Manahodha waliofuata walikuwa Wareno. Cabral alipita mwaka 1500. Vasco da Gama akaja mwaka 1502, akatishia kuuchoma mji hadi mtawala, Amir Ibrahim, akakubali kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno, ikafuliwa monstransi, chombo cha kanisa cha kuwekea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na mtoto wa Kilwa akitaka kukiona, itambidi aombe viza. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kujenga ngome. Wareno waliondoka mwaka 1512 lakini neno lao likabaki: gereza linatokana na neno lao la kanisa. Jengo tunaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, walioijenga upya ngome hiyo.

Dhahabu ilipogeuziwa njia nyingine, mji ukadhoofika. Ulipoinuka tena katika karne ya 18, uliinuka kwa kuuza watu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na sultani wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Kasri la Makutani, ambalo wageni hulipiga picha sana, ni la karne hiyohiyo. Nadhani kila mtembeza wageni anapaswa kutaja mkataba huo akiwa amesimama palepale.

UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari na mvua zilikuwa zikiyala. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kukarabatiwa. Wanakijiji wamo katikati ya magofu hayo, wanavua na kulima.

Ukienda, chukua kibali Masoko kabla ya kuvuka, na uulize maji yanajaa saa ngapi. Mwombe nahodha akushushe chini ya Husuni Kubwa jua likiwa bado dogo, kisha utembee kurudi magharibi kupitia kijijini. Msikiti Mkuu ufike alasiri, jua linapopenya kati ya nguzo. Gereza liache la mwisho. Mashua itakungojea papo hapo, chini ya ukuta wake.