Mfua Chuma na Kisu Chake: Habari za Ufundi na za Maneno Yake katika Afrika ya Mashariki

Waandishi wengi walioandika juu ya ufundi wa chuma katika Afrika ya Mashariki wamemaliza habari zao kwa namna moja: majembe na visu vya Ulaya vilikuja kwa meli, vikauzwa kwa bei rahisi, na mhunzi akazima moto wake. Habari hii ni kweli nusu, na nusu ya pili imepotea kwa kuchanganya kazi mbili ambazo wenyeji wenyewe hawakuzichanganya. Kuna aliyetoa chuma katika mchanga na mawe, na kuna aliyekifua chuma kilichokwisha kutolewa. Wa kwanza amekwisha kweli. Wa pili yuko Gerezani katika Dar es Salaam, yuko Kamukunji katika Nairobi, yuko katika magulio ya Kilimanjaro na Upare, naye hata leo anafua visu na kuviuza.

Kiswahili kingaliweza kuwaonya waandishi hao. Kitenzi fua maana yake ni kukipiga kitu mpaka kigeuke hali yake: hufuliwa nguo, hufuliwa nazi, hufuliwa chuma na fedha. Mfua chuma, basi, ni mtu wa nyundo. Wala hata yule aliyetoa chuma katika mtapo hakukiyeyusha, ingawa vitabu vya shule hupenda kusema hivyo. Chuma kitupu huyeyuka kwenye digrii 1,538 za sentigredi, na tanuri za kale hazikukusudia joto hilo. Takataka za mtapo ziliyeyuka zikatiririka, na chuma kikabaki bonge gumu lenye matundu, ambalo lilipigwa tena na tena motoni mpaka likashikamana. Usemi wa "kuyeyusha chuma" umetoka katika viwanda vya Ulaya, nao haukai sawa juu ya kazi ya Ufipa au ya Upare.

Neno chuma lenyewe lina safari ndefu. Kwa Wanyanja wa Malawi chuma ni mali na utajiri, na madini yenyewe wao huyaita chitsulo. Shina ni moja, na maana mbili hizi zimekaa jirani katika lugha nyingi za Kibantu, jambo ambalo si la ajabu pahali ambapo jembe na shoka vilikuwa akiba ya mtu. Wako wanaotaka kuliunganisha jina hili na kitenzi chuma kwa maana ya kupata faida. Hilo halifai. Katika kitenzi sauti ch ni ya shina, na katika jina ni kiambishi, kama wingi wake vyuma unavyoonyesha. Mafanano ya sauti peke yake si ushahidi.

Kwa kisu mambo ni mepesi zaidi kuyafuata. Wagikuyu husema kahiũ kwa kisu na rũhiũ kwa upanga, na kilichobadilika ni kiambishi tu: chombo cha jikoni na silaha ya vita ni kitu kimoja kwa vipimo viwili. Kiswahili hufanya hivyo katika kisu, jisu na kijisu, na kwa njia ya kupinda katika upanga na panga. Zamani panga ilikuwa wingi wa upanga. Leo panga ni umoja, wingi wake mapanga, nalo ni jina la chombo cha shambani cha kufyekea. Yawezekana wingi wa kale uligeuzwa kuwa umoja. Yawezekana pia u- iliondolewa ili kukuza, kama desturi ya lugha ilivyo. Vyovyote iwavyo, silaha ya muungwana imekuwa chombo cha mkulima, na Waingereza walilichukua neno hilo la pili, wakaliacha la kwanza.

Pwani ilijua visu vya kigeni tangu kale. Mwandishi wa Kiyunani wa kitabu cha Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, ataja miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta mikuki iliyotengenezwa Muza katika Arabuni, na mashoka, na visu vidogo. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, yapata mwaka 1154, al-Idrisi aliandika kinyume chake: ya kuwa watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukiuza, na kwamba kilipelekwa mpaka Bara Hindi. Shahidi hawa wawili wakiwekwa pamoja, ni dhahiri kuwa biashara ya chuma haikuwa mto unaotiririka upande mmoja. Chombo kilichokwisha kufuliwa kiliweza kuingia, na chuma kisichofuliwa kutoka, na katikati yake alikaa fundi. Majina ya silaha za pwani yanaonyesha mchanganyiko huo huo: jambia na hanjari ni ya Kiarabu, na Oman imeliweka jambia katika bendera yake tangu mwaka 1970, lakini mpini, makali na ncha ni maneno ya nyumbani.

Hata hivyo, mfano ulio bora zaidi wa ufundi huu si wa pwani. Ni wa milima miwili inayotazamana, Upare ya Kaskazini na Kilimanjaro. Upare ulikuwa na chuma katika mchanga mweusi unaochukuliwa na vijito baada ya mvua; mchanga huo ulioshwa, chembe nyepesi zikaenda na maji, chembe nzito zikabaki, nazo zikapelekwa tanurini pamoja na makaa. Ukoo wa Washana ndio uliosifika kwa kazi hii. Masimulizi aliyoyakusanya Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 yasema kuwa Washana walitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya, walioongozwa na Angovi. Utawala uliwatoka. Nyundo haikuwatoka, na hilo ni jambo la kuangaliwa: Wasuya waliweza kuchukua kiti, lakini hawakuweza kuchukua ujuzi, wala haionekani kuwa walitaka. Mtawala alihitaji majembe na mikuki, na aliyeweza kuvifua alibaki na heshima yake ya namna nyingine.

Wachaga walikuwa na ardhi, ndizi na maji, lakini chuma walikipata kwa majirani hao wa Upare, wakakilipia kwa mifugo. Harry Johnston, aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884, aliwasifu wahunzi wa Uchaga kwa kazi safi waliyoifanya kwa vyombo vichache. Kumbe hapa ndipo kazi mbili zilipotengana wazi hata kabla ya ukoloni. Mhunzi wa Uchaga hakuwa mtoaji wa chuma. Alikuwa mnunuzi wa chuma. Alikinunua, akakiongezea thamani kwa nyundo yake, akauza visu, mashoka na mikuki. Kwa lugha ya leo, alikuwa na biashara ndogo yenye mali ghafi ya kuagiza kutoka nje.

Cheo cha mhunzi kilikuwa na utata. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Uchagani, aliandika makala nzima juu yake mwaka 1912, na humo yaonekana jinsi nyundo ya mhunzi ilivyoogopwa, kwa kuwa laana iliyotolewa kwayo haikuwa ya mchezo. Kwa Wamaasai mambo yalikuwa makali zaidi: Il-kunono, wahunzi wao, hawakuoana na watu wengine, na shujaa aliyepokea silaha kutoka mikononi mwao alijipaka mafuta kwanza asipatwe na unajisi. Lakini shujaa huyo asingaliweza kwenda vitani bila ya silaha hiyo. Dharau ya namna hii yafanana na dharau ya mdaiwa kwa mdai wake.

Zikaja reli. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, ukafika Moshi mwaka 1911. Ya Mombasa ilianza 1896, ikafika ziwani Nyanza mwaka 1901. Wanandi walifungua misumari na parafujo za reli na kukata nyaya za simu, wakazifanya silaha na mapambo, na serikali ya Kiingereza ikaona ni wizi mtupu. Mfua chuma yeyote angeona jambo jingine: chuma tayari, kilichosafishwa, kimelala chini bila ya tanuri wala mchanga wala kuni za msitu mzima. Toka hapo aliyetoa chuma alikuwa hana tena kazi. Tanuri za Ufipa, zilizosimama kwa urefu wa mita tatu hivi, na ambazo wageni walizipiga picha kwa mshangao, hazikuwa na mnunuzi. Lakini mfuaji alipata chuma kingi na rahisi kuliko alivyopata babu yake. Bidhaa za meli zilizomuua mmoja zilimlisha mwenziwe.

Tena chuma hicho kilikuwa bora kwa kisu. Bonge la tanuri ya kale kwa kawaida lilikuwa na kaboni kidogo na isiyo sawasawa, nalo hutoa makali yanayolala upesi. Ingawa Peter Schmidt na Donald Avery, waliowaomba wazee wa Buhaya kujenga tanuri upya mwaka 1976, walisema katika makala yao ya mwaka 1978 kuwa Wahaya waliweza kupata pua moja kwa moja, hoja ambayo wataalamu wamebishana juu yake. Kwa ajili ya ulaini huo mafundi walitia pua, yaani walishikamanisha kipande cha chuma kigumu kwenye makali ya chombo kilicho laini. Springi ya gari haihitaji hila hiyo. Ina kaboni kama sehemu sita katika elfu, nayo yatosha kwa panga, kwa sime na kwa kisu cha mchinjaji.

Kazi yenyewe huanza kwa tindo. Springi hupashwa moto mpaka ikawa nyekundu, hukatwa, kisha hunyoshwa juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli. Zamani moto ulivuviwa kwa viriba vya ngozi ya mbuzi, na upepo ukapita katika kewa, bomba la udongo lisiloungua. Leo wengi huzungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda, nalo huendesha feni. Fundi hufua bapa kwanza, ndipo msuka, yaani ule mkia mwembamba utakaoingia mpinini, na mwisho hukonda makali. Baada ya hapo huja sehemu inayotenga fundi na mwigaji. Kisu hupashwa tena mpaka wekundu wa wazi, kiasi cha digrii mia nane, kikachovywa katika mafuta. Mafuta machafu ya injini hufaa. Maji huipasua springi. Kikitoka hapo ni kigumu, lakini huvunjika kama kigae. Yapasa kukipasha mara ya tatu, polepole, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu, yaani digrii mia mbili na zaidi kidogo. Asiye na subira huruka hatua hii, na mnunuzi hugundua kwenye mfupa wa kwanza wa ng'ombe. Kipimo ni jicho, na ndiyo sababu wahunzi wengi hupenda kufanya kazi hii kivulini, ambapo rangi ya moto haidanganywi na jua. Kisha msuka hutiwa mpinini, noleo huvikwa ili mti usipasuke, na makali hupitishwa tupa, kisha kinoo. Ala hushonwa na fundi wa ngozi, ambaye ni mtu mwingine na bei nyingine.

Visu vya viwanda vya ng'ambo vimejaa madukani, vyembamba, vyenye kung'aa, navyo ni rahisi. Kwa kukatia vitunguu hakuna sababu ya kwenda kwa mhunzi. Anayemwendea ni mwenye bucha anayetaka uzito wa bapa fulani, mgema anayetaka kotama iliyopindika kwa mkono wake, mkulima ambaye panga lake limechoka na anataka lifuliwe upya. Kiwanda hakiwezi kumwuliza mgema mkono wake ukoje. Mtaji wa mhunzi ni nyundo, koleo, gunia la makaa na chuma chakavu cha siku hiyo. Hana shehena ya kuozea ghalani. Wataalamu wa uchumi walichelewa kuliona hili. Ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ilitoka mwaka 1972, SIDO ikaundwa Tanzania mwaka 1973, na kitabu cha Kenneth King juu ya mafundi wa Kenya kikatolewa mwaka 1977. Lakini kazi waliyoikuta ilikuwa imeendelea kwa vizazi, bila ya jina la kiserikali.

Kwa watunga kamusi jambo hili lina uzito wake. Msuka na noleo vimo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na wasomi wengi wa leo hawavijui. Maneno ya vyombo vya fundi wa sasa, kwa upande mwingine, yanapatikana midomoni kuliko vitabuni. Aliyesadiki kuwa mhunzi amekufa hakwenda kumsikiliza. Pwani zamani upanga bora uliitwa upanga wa feleji, kwa kuwa feleji ilikuwa pua iliyo bora. Leo mwuza visu anayetaka kusifu mali yake hugonga bapa kwa ukucha na kusema kuwa hii ni springi. Gari limetoa neno mahali pa jahazi, na mnunuzi huelewa mara moja kuwa bei itapanda.