Santuri ya Burundi ya Mwaka 1967

Mwaka 1967, alipozunguka Burundi Michel Vuylsteke na mitambo yake ya kunasa sauti kwa ajili ya Ocora, shirika la santuri la redio ya Ufaransa, ufalme ulikuwa umekwisha kuanguka, kwani Novemba ya mwaka uliotangulia Kapteni Michel Micombero alimwondoa Mwami Ntare wa Tano, aliyekuwa safarini Kongo, akatangaza jamhuri. Na zile ngoma zilizokuwa alama ya enzi, zikapigwa kwa heshima ya mwami na katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, zilibaki hazina mwenyewe.

Katika yote aliyoyanasa Vuylsteke, ngoma hizo ndizo zilizosafiri. Mwaka 1971 Michel Bernholc, mtunzi wa Ufaransa, alizichukua kama zilivyonaswa, akapachika juu yake piano na magitaa, akaiita kazi hiyo «Burundi Black», na mahali pa jina la msanii akaandika Burundi Steiphenson Black, hata jina la nchi nzima likawa lakabu ya mtu mmoja wa ughaibuni. Huko Uingereza kazi hiyo ilifika nafasi ya 31 katika chati. Mwimbaji Joni Mitchell akazitumia ngoma hizo mwaka 1975 katika «The Jungle Line», na kufikia 1980 wanabendi wa Adam and the Ants walikuwa na wapiga ngoma wawili wakiufuata mwendo ule ule. Sina kinyongo na kuazima, kwa kuwa muziki wote huazimana. Ninachokilaumu ni kuazima bila ya kumtaja mwenye mali.

Lakini dhulma iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba kishindo cha ngoma kiliyaziba masikio ya watu yasisikie yaliyosalia katika santuri ile. Imo akazehe, maamkizi ya wasichana wawili wanaopokezana sauti kwa kasi hata msikilizaji asijue ya nani imekoma na ya nani imeanza. Imo, fauka ya hayo, inanga ya kunong’ona. Mpigaji hukaa na ule ubao wake uliochongwa mfano wa sinia refu, uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi mara nyingi juu yake, naye hasemi kwa sauti bali hunong’ona, kwa kuwa sauti kamili ingeizima ala yenye mlio wa chini kama ule. Na kwa vile Kirundi ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na mnong’ono hauna kupanda wala kushuka, nyuzi ndizo zinazoyabeba maneno, hata mtu akadhani ubao wenyewe unanena.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu, na ilistahiki. Basi nawasihi vijana wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura, wanaotunga muziki kwa kompyuta: itafuteni santuri hii, ianzeni kwa inanga, na ngoma ziacheni mwisho.