Shairi Hungoja Jibu: Mazungumzo na Watunzi wa Lamu

Nilifika Lamu mwezi wa Novemba, siku za tamasha la utamaduni, nikiwa na swali moja: je, mji huu uliowahi kupigana kwa mashairi bado unajibizana? Tamasha lenyewe ni la juzi. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyakati zile Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2001. Wageni wengi huvutwa na mbio za punda na mashindano ya majahazi. Mimi nilivutwa na ushairi, ila mengi niliyoyapata niliyapata mbali na jukwaa, kwenye mabaraza ya nyumba na katika vyumba vya ndani.

Jioni ya kwanza niliketi na mzee mmoja mtunzi karibu na uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821. Muuza kahawa alikuwa akipita na dele lake. Nikamwuliza mzee: zamani, pasipo waamuzi wala alama, mshindi wa malumbano alijulikanaje? Akanitazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Mwanangu, aliyeshinda ni yule ambaye mwenzake hakupata la kumjibu. Naye huyo aliyeshindwa halali usiku ule. Kesho atajibu."

Jawabu lake limebeba historia nzima. Ngome tuliyokuwa tukiitazama ilijengwa baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu na mwaka 1813, watu wa Lamu walipowashinda Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate. Mikuki haikuwa silaha pekee ya miaka ile. Upande wa Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi; upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji. Mashairi yalivuka bahari yakiwa na vitisho, kejeli na mafumbo, na kila fumbo lilihitaji mfumbuzi upande wa pili. Ndiyo maana tungo nyingi za enzi hiyo humtatiza msomaji wa leo. Tunasoma upande mmoja wa mazungumzo, na aghalabu hatujui aliyesemwa ni nani.

Desturi hiyo haikuishia kwenye vita. Ndani ya mji wenyewe, mitaa ya Mkomani na Langoni ilishindana kwa ngoma na nyimbo. Katikati ya miaka ya 1970, uchaguzi wa ubunge wa Lamu Mashariki ulizusha malumbano yaliyojulikana kwa jina la Kimondo. Watunzi wa kila upande waliwarushia wenzao tungo, nazo zikasambazwa kwa kanda za kaseti. Miaka hiyohiyo Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayefahamika zaidi kama Ustadh Mau, alitunga Wasiya wa Mabanati, nao ukasikika majumbani kwa njia ya kaseti hizohizo. Mzee wangu alizikumbuka siku zile. Alisema mtu akipita uchochoroni angeweza kulisikia shairi zima bila kusimama, kwa kuwa kila dirisha lilikuwa likitoa ubeti uleule.

Siku ya pili nilimzuru fundi wa nakshi, ambaye pia huandika khati. Mezani pake patasi zililala kando ya kalamu za mwanzi. Nilimwuliza kama yeye ni mchongaji anayeandika au mwandishi anayechonga. Hakulipenda swali. Akanitajia Muhamadi Kijuma, aliyeishi Lamu hadi miaka ya 1940: mtunzi, mchonga milango, mpiga ala na mnakili wa hati. Nakala nyingi za tenzi zilizohifadhiwa London na Ujerumani zimetoka mkononi mwake, kwa kuwa wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea yeye.

"Ninyi mnamgawa vipande," fundi akasema. "Kwetu alikuwa fundi. Basi."

Nilipomweleza kwamba natafuta hati za nyumbani, zile ambazo hazikusafiri Ulaya, alinipeleka kwa shangazi yake.

Bibi huyo alinikaribisha kwa "Ndoo, kaa," akatoa bahasha ya kitambaa. Ndani mlikuwa na karatasi za marehemu mama yake, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: wasia wa mama kwa binti, katika mkondo uleule wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wake mwaka 1858. Utenzi wa Mwana Kupona, kabla ya kupigwa chapa, uliishi miaka mingi katika nakala za mkono na vinywa vya wanawake. Karatasi za bibi huyu zilikuwa bado katika hali hiyo ya kwanza.

Mjukuu wake, msichana aliyekuwa amesoma shairi lake jukwaani asubuhi ile, aliketi nasi. Amehitimu madrasa na herufi zote anazijua. Hata hivyo hakuweza kuusoma wasia wa mama yake bibi. Sababu ni kwamba mwandiko wa zamani haukutenganisha sauti zote za Kiswahili. Alama moja ya kasra husimamia "i" na pia "e". Herufi moja huweza kusomwa "b" au "p". Msomaji hana budi kulijua neno kwanza, ndipo alione kwenye karatasi.

Walifika kwenye neno moja. Msichana akasoma "kupinda". Bibi akatikisa kichwa: "kupenda." Akaufumba mkono, akauimba ubeti mzima kwa mahadhi, na maana ikasimama. Wakaendelea hivyo beti kadhaa, mmoja akitoa herufi na mwingine akitoa sauti. Kisha wakafika kwenye ubeti ambao bibi hakuukumbuka. Neno lilelile lilikuwamo tena. Kupenda au kupinda? Mama alikuwa akimwambia binti yake ampende mtu, au ampinde? Bibi alijaribu mahadhi mara mbili, akanyamaza. Hakuna mwingine aliye hai wa kumwuliza.

Baadaye msichana alinisindikiza njia kuu. Nilimwuliza kwa nini shairi lake la asubuhi lilikuwa katika Kiswahili sanifu tupu. Akaniambia kwamba shuleni mwalimu alimkatia "ndia" na "mato" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "njia" na "macho". Tangu hapo Kiamu amekiacha nyumbani. Nami sikuwa na la kumwambia isipokuwa historia: "ndia" na "mato" ndizo sauti za tenzi kongwe tunazozisifu darasani. Mwanafunzi anafundishwa kuziheshimu kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, kisha anakatazwa kuzitumia mwenyewe.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany aliliona tatizo hili mapema. Yeye alilelewa kiushairi na nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh, naye akautunga Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, ili majina ya sehemu za chombo na kazi ya waundaji wake yasizame pamoja na vyombo vyenyewe. Nabhany huyo aliyelinda maneno ya kale ndiye tunayemshukuru kwa neno "runinga". Hakuona ugomvi kati ya kuhifadhi na kuzua.

Usiku wa mwisho wa tamasha nilirudi kwa bibi kuaga. Nilimkuta mjukuu ameweka simu juu ya mkeka, anamrekodi bibi akiimba beti anazozikumbuka, kama wakubwa wake walivyofanya kwa kaseti. Pembeni alikuwa na daftari lake. Alikuwa ameanza kuujibu wasia ule, ubeti kwa ubeti, kwa Kiamu. Nikamwuliza atafanyaje akifika kwenye ubeti ule wa shaka.

"Nitamjibu mara mbili," akasema. "Ubeti mmoja kama alisema kupenda, na mmoja kama alisema kupinda."

Bibi alicheka, akamwambia asisahau vina.

Basi nami swali langu nilijibiwa, ingawa si jukwaani. Msomaji wangu, huenda nawe nyumbani kwenu kuna bahasha ya namna hiyo, na mtu mmoja aliyebaki anayeyajua mahadhi yake. Kaa naye mkisome kilichomo, maadamu bado yupo wa kukusahihisha.