Habari za shule humfikiaje mzazi? Mwongozo kwa familia za Nakuru na Bonde la Ufa ya kati

USIKU wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, masanduku ya wanafunzi wengi yalikuwa tayari mlangoni. Muhula wa pili ulikuwa uanze siku hiyo. Wazazi waliolala mapema hawakusikia kwamba Wizara ya Elimu ilikuwa imeahirisha ufunguzi kwa wiki moja kutokana na mafuriko. Taarifa ya Waziri Ezekiel Machogu ilitoka usiku huo huo, saa chache tu kabla ya magari ya asubuhi kuondoka.

Alfajiri hiyo hiyo maji yaliporomoka Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba na kuua makumi ya watu. Ufunguzi uliosogezwa hadi Mei 6 uliahirishwa tena, safari hii bila tarehe, na hatimaye shule zikafunguliwa Mei 13. Katika muda wa wiki mbili, mzazi mmoja alikuwa amepokea habari nne tofauti kuhusu jambo moja.

Kisa hicho chaonyesha kwa nini mawasiliano kati ya shule ya upili na nyumbani si jambo dogo. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Akiugua, akifukuzwa karo au akikosa basi, mzazi hana njia ya kumfikia isipokuwa kupitia ofisi ya shule. Tena shule za Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha hupokea watoto kutoka kaunti za mbali, ambao kwao safari ya bure ni hasara ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi.

Zamani kazi hii ilifanywa na barua. Mwanafunzi alikabidhiwa karatasi siku ya kufunga shule, iliyoandikwa tarehe ya kurudi, salio la karo na mahitaji ya muhula ujao. Barua ilifika iwapo mbebaji wake alitaka ifike, na wazazi wa enzi hizo wanajua ni ripoti ngapi zilizopotelea njiani kati ya stendi ya mabasi na nyumbani! Dharura zilitangazwa redioni. Siku hizi arafa hutumwa kwa wazazi wote kwa pamoja, na karibu kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Hata hivyo, barua yenye mhuri na sahihi ya mwalimu mkuu ingali ndiyo inayoaminika kuliko zote, na panapotokea mzozo ndiyo inayotolewa kama ushahidi.

Barua ya kwanza ambayo familia hupokea ni ile ya kujiunga na shule. Humo mna orodha ya mahitaji na mchanganuo wa karo, na hapo ndipo mzazi anapaswa kusoma kwa makini kabla hajauza ng'ombe.

Mwongozo wa karo uliotangazwa na serikali mwaka 2015 uliziweka shule za umma za bweni katika makundi mawili. Shule zote za kitaifa, pamoja na zile zinazopokea wanafunzi kutoka kaunti mbalimbali na zilizoko Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Nyeri, Thika na Eldoret, ziliruhusiwa kumtoza mzazi Sh53,554 kwa mwaka. Shule nyingine za bweni ziliwekewa Sh40,535. Baada ya janga la corona viwango hivyo vilipunguzwa kwa muda kwa sababu mihula ilifupishwa, kisha vikarejeshwa mwaka 2023. Malipo hugawanywa kwa uwiano wa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Kwa hiyo anayelipa Sh53,554 hutakiwa kutoa Sh26,777 muhula wa kwanza, na mzigo hupungua kadiri mwaka unavyosonga.

Lakini ni wachache wanaolipa kiasi hicho tu. Kuna pesa za basi, za masomo ya ziada, za bweni jipya, za kuwapa walimu motisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya mafunzo. Ada nyingine zaweza kutozwa iwapo tu Waziri ameidhinisha, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Sheria hiyo hiyo yasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kukosa ada hizo, na kwamba yeyote anayepokea pesa sharti atoe stakabadhi rasmi. Kila mzazi aliyewahi kumwona mwanawe akirudi nyumbani katikati ya wiki anajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na mambo yalivyo langoni.

Njia ya kulipa nayo imezua habari za kukanganya. Mapema mwaka 2024 Wizara iliagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia jukwaa la serikali la eCitizen. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, na mwaka 2025 ikaamua kwamba lilikiuka Katiba. Mzazi anayepokea nambari mpya ya malipo kwa simu, hata kama ujumbe una jina la shule, anashauriwa kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye barua ya kujiunga au kupiga simu ofisini kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kuna pia ulaghai wa zamani ambao haujachakaa: mtu hupiga simu akidai yeye ni mwalimu, kwamba mtoto ameanguka na yuko hospitalini, na kwamba daktari anangoja pesa. Hofu ya mzazi ndiyo mtaji wa mlaghai huyo.

Mahali pa kuulizia haya yote ni mkutano mkuu wa mwaka wa wazazi. Kwa mujibu wa sheria, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi. Chama huwa na kamati yenye wawakilishi wa kila darasa, wanaochaguliwa katika mkutano huo. Mwenyekiti na wanachama wengine wawili huingizwa katika Bodi ya Usimamizi, iliyochukua nafasi ya bodi ya magavana ya awali. Miongoni mwa kazi za chama ni kujadili ada zinazopendekezwa. Mzazi asiyehudhuria huja kuzisikia mwezi Januari, zikiwa tayari zimechapishwa.

Siku ya masomo ni tofauti na mkutano huo. Hapo mzazi huketi na mwanawe mbele ya walimu, wakapitia alama somo kwa somo. Ni vyema aje na ripoti za mihula iliyotangulia, kwa kuwa alama ya C peke yake haisemi kama mtoto anapanda au anateremka.

Makundi ya WhatsApp yamerahisisha mengi, ila yameleta matatizo yake. Picha ya mtoto ikishatumwa humo haina mwenyewe tena. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Vivyo hivyo, orodha ya wadaiwa wa karo au matokeo ya darasa zima hayafai kuanikwa mbele ya wazazi 200.

Uzito wa mawasiliano huonekana hasa wakati wa maafa. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, liliteketea na wavulana 21 wakapoteza maisha. Kesho yake serikali ilisema watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi walikuwa hai: walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kupewa hifadhi na majirani usiku ule, bila jina kuandikwa popote. Wazazi wengine walishinda langoni wakingoja habari. Nakuru nayo ina kumbukumbu zake. Ghasia za mwanzoni mwa 2008 zilipowatawanya watu mjini humo na Naivasha, familia zilizokimbilia uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho hazikuwa tena na anwani ambayo shule ingeziandikia.

Ndiyo sababu fomu ya kujiunga huuliza nambari za watu wawili. Wengi huijaza mara moja Januari, kisha hubadilisha laini ya simu na kusahau. Mabadiliko hayo yafikishwe kwa mwalimu wa darasa kwa maandishi, pamoja na jina la mtu mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Siku ya kumchukua, hata kama ni kwa haraka, jina liandikwe kwenye daftari la langoni na mchukuaji atie sahihi.

Kwa sasa shule nyingi zinaendesha mifumo miwili kwa pamoja. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na KCSE yao imepangwa kufanywa 2027. Wenzao wa mtaala mpya walianza kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Tangazo linalotumwa kwa “wazazi wote” laweza kuwa la kundi moja tu, na kabla ya kufunga safari ni heri kuuliza ni lipi.